Kikao Kwenye Waya wa Mgodi

Mkuu wenu mpya aliniomba, kabla sijakabidhi funguo, niwaandikie ninyi mnaobaki "mambo ya uzoefu". Nilimwuliza uzoefu upi, akasema, "Ile tu ya kawaida, Mama." Ya kawaida sina. Nimefanya kazi ya asistanti sosiali kwenye mahakama ya watoto hapa Kolwezi tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi bila kupakwa kitu. Wazazi wakiachana na kugombania mtoto, mimi ndiye niliyetumwa nyumbani kwao kuona mtoto analala wapi, anakula nini na anamwogopa nani, kabla hakimu hajaamua. Mjini wananiita Mama Sosiali, hata wasiojua kwamba jina langu ni Eulalie. Kama nina la kuwaachia, ni kiti. Basi nitaanza na kiti, na asiyependa akasome kanuni. Ziko kabatini, panya hawajazimaliza.

Siku yangu ya kwanza nilifika kazini na viatu vyeupe, jambo ambalo, kwa vumbi letu, mtu wa Kolwezi halifanyi mara mbili. Karani wa mahakama alikuwa Tata Placide, yaani Baba Placide, mzee mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza, aliyefunga tai hata kwenye joto la kabla ya mvua. Alivitazama viatu vyangu, akanionyesha meza yangu. Nilipotumwa Kapata, kwenye zile safu za nyumba za wafanyakazi wa zamani wa mgodi, kuona watoto wa ndoa iliyovunjika, alinisimamisha mlangoni akanipa kiti cha kukunja cha turubai la kijani, kilichoshonwa upya kwa waya.

"Ii kiti utaibeba kila fasi," akasema. "Bakikupatia kiti mu nyumba yabo, unakuwa mugeni yabo. Mugeni anasemaka merci. Weye hauende kule kusema merci."

"Na wakikasirika?"

"Batakasirika bote sawasawa. Njo jistisi ile."

Nilicheka kusikia haki ikielezwa hivyo, lakini nilikibeba. Baada ya muda mfupi nikaacha kucheka. Hapa kwetu ukikaa kwenye kiti kizuri cha baba wa mtoto, jirani atakuona, na kabla hujarudi ofisini upande wa mama wameshaambiwa kwamba umenunuliwa. Kiti kile nimekibeba begani, kwenye pikipiki, kwenye mvua. Watoto wa mitaa ambako hawakunizoea walidhani nanyoa nywele.

Mengine ya Tata Placide nitayasema harakaharaka. Maji kunywa, soda kataa. Usiisifu nyumba safi. Imefagiliwa kwa sababu wamesikia unakuja. Angalia kama viatu vya mtoto viko pamoja na vya wengine au vimetupwa peke yavyo. Na usimwulize mtoto jambo la maana mbele ya mtu anayempikia. Mwombe akusindikize barabarani, utembee naye polepole, unyamaze kwanza. Mtoto anayetembea husema mambo ambayo mtoto aliyekalishwa hayasemi. Mnaweza kulipa jambo hili jina la Kifaransa mkitaka, mradi mtembee.

Tata Placide alinifundisha pia kuheshimu kikao cha familia. Kwa familia za Kasai zilizoletwa zamani kufanya kazi ya mgodi, mtoto ni wa upande wa baba. Kwa Wabemba, mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Watu hawa wanaoana kila wiki, wanapendana, wanaachana, kisha wanatuletea mtoto mmoja mwenye wenyewe wawili. Sheria inasema tutazame faida ya mtoto, nayo inasema vizuri. Lakini hukumu ambayo familia mbili hazijakaa kuizungumzia inaishia mlangoni. Ndiyo maana mahakama yetu ilijifunza kuwaachia wakae, waseme, wale chakula, halafu hakimu atie sahihi.

Halafu ikaja korona.

Sitaki mnielewe vibaya, sikuudharau ugonjwa ule. Ulimchukua mwenzangu wa meza ya pili, tukamzika bila kuimba na bila kumgusa mjane wake, na nililia barabarani bila aibu. Nilivaa barakoa na niliosha mikono mpaka ngozi ikapasuka. Ninachosema ni kwamba wakati watu wema walipokuwa wakiogopa ugonjwa, wengine waliugeuza kuwa kisingizio. Baba ambaye miaka yote hakumtembelea mwanawe akagundua ghafla kwamba anachelea kumwambukiza. Mama aliyegombana na wakwe akatangaza kwamba mtoto yuko karantini, na karantini hiyo haikuwa na mwisho. Waliokwisha kuachana wakabaki nyumba moja, pazia katikati, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuhama, wakawa wanagombania sufuria.

Na migodi ikafunga wafanyakazi wake ndani. Wale humo, walale humo na wafanye kazi nyuma ya uzio wa waya, mwezi baada ya mwezi, familia ziko nje. Hakuna hakimu aliyewahi kufikiria siku za kumtembelea mtoto zitakuwaje kama baba yuko nyuma ya waya. Mahakama ikasimamisha vikao. Serikali ikakataza watu kukusanyika. Mkuu wa wakati ule akawaambia wazee wa ofisi waende nyumbani, akanifikia na mimi.

"Mama, virusi hii inapenda bantu ya miaka yako."

Nikamjibu kwamba wengi wamenipenda na bado niko. Kesho yake nikaja kazini.

Ni wakati huo nilipomkuta Chanda. Alikuwa ameketi chini nje ya geti la mahakama, na mlinzi alikuwa amemwambia arudi ugonjwa ukiisha. Mwanamke wa Kibemba, muuza nyanya, sura ya mtu asiyelala. Nilimkumbuka: aliachana na Kalala, mtu wa Kasai, dereva wa malori makubwa ya mgodini, na hakimu alimpa yeye kumlea binti yao Ntumba, likizo mtoto aende Kapata kwa bibi yake, Mama Ngalula, mama wa Kalala. Shule zilipofungwa, Ntumba alipelekwa Kapata kwa siku chache. Hakurudi.

"Banamufungia mutoto wangu, Mama Sosiali," Chanda akasema. "Banasema mi nauza ku soko, nitamuletea korona. Na beye banakula nini? Nyanya ya kwabo inatoka mbinguni?"

"Na baba yake?"

"Kalala banamufungia ku mugodi. Lakini sikia, mama. Kaka ya Mama Ngalula anapanda treni ya bintu siku ya posho, anarudia ku Kasai. Ataenda na Ntumba."

Siku ya posho ni Jumamosi, na treni ya bintu ni ile ya mizigo. Nimeona watoto wakienda Kasai "kusalimia kidogo" na kurudi wakiwa na ndevu. Wengine hawakurudi. Treni ikishapita Kamina, sheria yetu inabaki kuwapungia mkono. Nikachukua kiti changu.

Nilimpigia simu hakimu, maana alikuwa nyumbani kama watu wote wenye adabu. Akasema, "Eulalie, fanya uchunguzi. Kikao usifanye, vikao vimekatazwa." Nikasema ndiyo. Ndiyo ni neno pana.

Mama Ngalula alinipokea barazani kwake Kapata akiwa na ndoo ya maji ya javel, ile dawa ya kuua vijidudu. Mjane, mnene, kitambaa cheusi kichwani. Aliniosha mikono, akaosha na miguu ya kiti changu yote minne, akaniangalia nikikaa. Ntumba alikuwa ndani, na viatu vyake vilikuwa vimepangwa katikati ya vya binamu zake, vimepigwa rangi. Hakuwa mtu mbaya, Mama Ngalula, na hilo ndilo lililonisumbua.

"Mi sikatale sheria, mama," akasema. "Lakini ule mwanamuke anaishi Kasulo. Chini ya nyumba yabo bantu banachimba. Enda uone. Unataka nkana yangu alale yulu ya shimo?"

Nkana ni mjukuu, kwa wasiojua. Nikaenda Kasulo. Chanda alinikaribisha kwenye chumba kilichofagiliwa, nikakunjua kiti, nikakaa, na mguu mmoja wa kiti ukazama kwenye sakafu. Niliinama kuuchomoa. Kisha tukasikia mtu akikohoa chini yetu. Jirani alikuwa ameingia na shimo lake la kobalti mpaka chini ya kitanda cha mtoto.

Nilimwambia Chanda bila kuzunguka kwamba Ntumba hatalala hapo hata siku moja.

Alilia, kisha akasimama. "Basi na weye uko upande yabo."

"Niko upande ya kiti yangu, na kiti yangu inazama," nikamwambia. "Uko na fasi ingine, ao hauna?"

Alikuwa na mahali pengine. Dada yake mkubwa alikuwa na chumba Manika, nyumba ya matofali, chini hakuna mtu. Alichokosa ni kukubali kuonekana anakimbilia kwa dada yake kama aliyeshindwa na maisha. Asubuhi iliyofuata nilimkuta barabarani na godoro kichwani, uso umekunjwa, na sikumsemesha mpaka tulipofika.

Nikarudi Kapata nikidhani nimemaliza. Nikampigia Kalala, nikaweka simu kwenye meza, sauti wazi wote wasikie. Kalala akasema vizuri kabisa: "Mama, rudisha mutoto kwa mama yake." Mama Ngalula aliisikiliza simu, akaigeuza kifudifudi.

"Ii haiko mutoto wangu," akasema. "Kalala akitaka kusema neno ya damu yake, atasimama mbele yangu. Bantu ya pande yote mbili bakae, tukule, njo neno inakuwa neno. Ku telefone muntu anasemaka ile unataka kusikia."

Hapo nilikasirika, na sioni haya kusema. Serikali imekataza watu kukaa. Familia inasema bila kukaa hakuna uamuzi. Mgodi unasema Kalala hatoki. Kila mmoja alikuwa na sababu yake safi, na katikati ya sababu zao safi mtoto alikuwa anafungashiwa nguo zake kwenda Kasai. Niliwaza hivyo njia nzima kutoka Kapata, na nilipofika mjini nilikuwa nimeshaamua.

Siku moja kabla ya treni tulikwenda kwenye waya wa mgodi wa Kalala, nje ya mji. Niliwaambia kila mtu aje na kiti chake. Wakaja kwa pikipiki, viti vichwani, kila mtu na barakoa yake: Mama Ngalula na kaka yake, Chanda na dada yake, na mjomba wa Chanda, mzee mkali aliyebeba stuli ya baa. Ntumba alikaa kwenye mapaja ya bibi yake. Tulikuwa tumepita Kingamyambo, penye lundo la mabaki ya mgodi, upepo ukivuma, wote tumekuwa rangi moja ya vumbi, na hilo pekee lilisaidia amani. Nikapanga viti kando ya barabara, kati ya kimoja na kingine unaweza kulaza pikipiki.

Mlinzi wa mgodi akaja mbio ndani ya waya. "Ba mama, hapa kikao hapana!"

"Haiko kikao, ni uchunguzi," nikamwambia. "Kila muntu anakaa ku kiti yake. Waya ni yenu, barabara ni ya bote."

"Nitaita chef."

"Umwite. Na yeye akuye na kiti yake."

Chef, mkubwa wake, akaja bila kiti. Alimtazama Mama Ngalula, Mama Ngalula akamtazama, na nadhani alimkumbuka mama yake mwenyewe. Akauliza tutachukua muda gani, nikamwambia mpaka tumalize. Akaenda kusimama mbali.

Kalala, niliyekuwa nimempigia simu, alitoka zamu akaja kwenye waya na kofia ya plastiki, miwani mikubwa na barakoa. Ntumba akajificha kwenye kitenge cha bibi yake. "Ule ni nani?" akauliza.

"Vua bile bintu," Mama Ngalula akamwambia mwanawe. "Mi sikuzala kofia."

Kalala akarudi nyuma hatua kadhaa, akavua. Alikuwa amekonda, ndevu zimeota ovyo. Akamwita mtoto kwa jina. Mtoto hakutoka kwenye kitenge. Nikaona kitu kikikatika usoni kwa yule mwanaume, na aliposema, hakusema lile alilolisema kwenye simu.

"Mama, mupeleke tu ku Kasai," akasema. "Hata leo hanijue. Nikitoka humu, atakuwa anaita tata muntu mwingine. Akomalie kwetu, hata jina yangu batamufundisha."

Chanda akasimama, kiti kikaanguka. Mjomba akapiga stuli kwa fimbo, akapaza sauti kwamba mtoto ni wa tumbo la binti wa dada yake na Kasai hawamjui. Kaka wa Mama Ngalula akajibu. Mlinzi akaanza kurudi. Na mimi niliyejifanya mjanja na viti vyangu nikaelewa kwamba Mama Ngalula alikuwa amesema kweli kuhusu simu. Neno lenyewe la Kalala ndilo hili, na lilikuwa baya.

Sikubishana naye. Nikaenda kwa Ntumba, nikamwomba anisindikize nione waya unaishia wapi. Akanitazama, akateremka. Tukatembea kando ya waya, yeye akipiga teke kijiwe. Nikanyamaza kama nilivyofundishwa.

"Mama," akasema baadaye, "Tata alifanya nini ya mubaya?"

"Juu ya nini unauliza vile?"

"Banamufungia." Akapiga kijiwe. "Na mi nikienda ku Kasai, mi nilifanya nini?"

Ningeweza kurudi na kulisema mwenyewe mbele ya wakubwa, kwa Kifaransa kizuri cha ripoti. Nikaona hapana, swali si langu. Nikamrudisha mpaka mbele ya Kalala, mbali na waya kiasi cha kuruhusiwa, nikamwambia aulize mwenyewe, maana baba yake ndiye anayejua.

Akauliza. Yote mawili.

Kalala akachuchumaa ndani ya waya mpaka macho yake yakawa sawa na ya mtoto. Alilia waziwazi, mikono imeshika kofia. Hatimaye akasema, "Hapana, Mado yangu. Hakuna ile ulifanya. Na mi hakuna." Lile jina Mado alilitumia yeye peke yake, kumbe. Mtoto akasogea, nikamshika bega asifike kwenye waya, na nilichukia kumshika.

Kalala akainuka. "Mama, asipande treni," akamwambia Mama Ngalula. "Arudie kwa mama yake. Lakini Kasulo hapana."

"Si Kasulo," Chanda akasema. "Niko Manika kwa dada yangu mukubwa. Nilisha kuhama."

"Ni kweli," mjomba akasema, bila furaha.

Mengine yakafuata yenyewe, na hayo ndiyo niliyoandika: kila Jumapili Ntumba aletwe pale barabarani baba yake amwone, likizo aende Kapata, na unga ambao Kalala alikuwa akimwachia Mama Ngalula kwa ajili ya mtoto ufike Manika, kwa sababu mtoto hula pale anapolala. Mama Ngalula alijibu kwa chakula. Alifungua kapu lake, akatoa bukari, yaani ugali, iliyofunikwa, na samaki, na sahani. Alikuwa amebeba sahani ya kila mtu, za upande wa Chanda pia, na moja ya kwangu. Akapakua mbalimbali ili mikono isikutane, akaniambia, "Weye utakula, hata ukiwa na kiti yako." Kalala alikwenda akarudi na wali wa kantini, akala amesimama upande wake wa waya wakati sisi tunakula upande wetu. Mlinzi akawa na shughuli nyingi za kuangalia mawingu.

Nilikula. Hiyo ni mara pekee nimekula kwa wenye kesi, na mkiniiga bila sababu kama ile nitawasikia.

Jumamosi treni ya mizigo iliondoka na kaka wa Mama Ngalula peke yake. Mahakama ilipofunguliwa, hakimu akasoma ripoti yangu, akaniuliza ni uchunguzi gani huu wenye familia mbili na samaki. Nikamwambia hakuna aliyekaa kwenye kiti cha mwenzake. Akatia sahihi. Mkuu wa wakati ule hakuniamkia kwa muda mrefu, na nilizipenda sana asubuhi zile.

Watasema nilivunja amri. Nilikaa nje, kwenye upepo, mdomo umefunikwa, na nililinda watu wengi kuliko waliokuwa wamejazana kwenye maduka kununua sukari. Ningefanya tena kesho, na mguu huu mbovu. Kufungwa kutarudi kwa jina jingine, sijui lipi, na mtaambiwa muwaambie akina Chanda wasubiri. Mwambieni anayesema hivyo asubiri yeye, huku mtoto wake akiwa Kasai.

Siku yangu ya mwisho kazini mlinunua keki, ahsanteni, ilikuwa na sukari nyingi. Lakini wengi wenu mlikuwa mmeinama kwenye keki na hamkuona aliyeingia. Mama Ngalula, mzee sasa, kiti cha plastiki kichwani, na nyuma yake Ntumba, mrefu, sare ya shule imemwishia magotini. Kalala alitoka mgodini zamani, akapata kazi mji mwingine, na huyu bibi alikuwa amekuja kuomba mahakama imwandikie likizo za mjukuu kwa jina lake mwenyewe, asitegemee tena neno la mtu mwingine. Mwenzenu mmoja, mwenye adabu, akakimbilia kumsaidia mzigo.

"Nkambo, acha ile kiti inje," akamwambia, kama anayemwambia bibi yake. "Huku ndani muko biti."

Mama Ngalula akavitazama viti vyetu, akanitazama mimi, akakiweka kiti chake katikati ya korido na kukaa.

"Kiti ya ndani," akasema, "banaweza kuifungia tena."